Jinsi ya kujua bastola ya jeshi ya zamani iliingiaje Marekani: soma chuma kwanza, stori baadae

Wakuu, ukienda kwenye maonyesho ya silaha Marekani ukaanza kuuliza kila mwenye meza hii Luger, yani bastola ya kijerumani, umeitoa wapi, jibu karibu kila meza ni lile lile, babu alimnyang'anya ofisa wa kijerumani. Hao mababu wamenyang'anya maofisa wengi kuliko maofisa waliokuwepo vitani. Na sio kwamba wote ni waongo, wengine wanarudia tu walichoambiwa na aliyewauzia, na yeye aliambiwa na aliyemuuzia, ndo stori inavyokua hivyo.

Mi mwenyewe nimeshapigwa. Nilinunua P38 ya Walther, nayo bastola ya kijerumani, kwa bei ya nyara ya vita, muuzaji ana picha ya babu kavaa magwanda, ana mkoba wa ngozi, kila kitu. Nimefika nyumbani, nikaigeuza chini ya taa, tochi nikailaza pembeni ili vivuli vionekane, chini ya mtutu karibu na mdomo kuna vidoti vidogo vidogo vimepangana kama vimechomwa na sindano. Nikachukua kioo cha kukuza: jina la mwagizaji kwa kifupi, mji, na VT yani jimbo la Vermont. Hiyo bastola iliingia miaka ya karibuni tu kwenye kreti pamoja na wenzake kibao, babu wa watu hajawahi hata kuigusa. Toka siku hiyo nikajiwekea utaratibu wangu, na ndo huu naouandika hapa.

Kabla ya yote, toa magazini, vuta slaidi nyuma, angalia chemba kwa macho na pitisha kidole, kama ni rivolva fungua silinda uangalie tundu moja moja. Usidharau hii eti kwasababu ni kitu cha kale, risasi ya 1943 inaweza kulipuka vizuri tu. Af usisugue, usipake mafuta ya kung'arisha, usiguse kutu kwa steel wool. Kile kiuchafu kilichokaa kwenye mihuri ndo kinachokusaidia kuisoma.

Sasa kitu cha kwanza kabisa unachotafuta ni muhuri wa mwagizaji. Tarehe 22 Oktoba 1968 rais Johnson alisaini sheria ya Gun Control Act, na toka hapo silaha yoyote inayoletwa kibiashara kutoka nje lazima mwagizaji aichape jina lake, mji na jimbo lake, pamoja na nchi ilipotengenezwa, modeli na kaliba. Waagizaji wanajua wakusanyaji hawaipendi hiyo alama kwahiyo zamani walikua wanaificha, wanachapa herufi ndogo sana chini ya mtutu, au kwenye fremu sehemu inayofunikwa na slaidi, wengine karibu na mdomo wa mtutu kama yangu ilivyokua. Kuanzia tarehe 30 Januari 2002 kanuni zikabana, maandishi yawe na kina kisichopungua inchi 0.003 na seriali namba iwe na urefu wa inchi 1/16 kwenda juu, ndo maana rivolva za mrusi za Nagant nyingi zilizoingia baada ya hapo zina maandishi unayoyasoma ukiwa umesimama upande wa pili wa meza. Kwahiyo hata ukubwa wa herufi unakupa umri wa safari, herufi ndogo za aibu aibu ni kabla ya 2002, bango kubwa ni baada yake. Ukikuta CAI na St Albans au Georgia Vermont hao ni Century, INTERARMS na Alexandria Virginia hao nitawaelezea chini, PW ARMS na Redmond Washington ni wale walioleta sana mizigo ya ulaya mashariki.

Ukiikuta hiyo alama umemaliza, sio nyara ya babu. Wale wenye kusugua wanaisugua, kwahiyo angalia pia kama kuna sehemu chuma kimelala kidogo kama bonde, au bluu ya chuma, ile rangi ya kuzuia kutu, inatofautiana na pembeni yake. Laza tochi.

Ila hapa ndo wengi wanapojikwaa, tena hata wakongwe. Wanasema haina muhuri wa mwagizaji, basi ililetwa na askari. Hapana bwana. Hiyo sheria ni ya 1968, mzigo ulioingia kabla ya hapo haukua na ulazima wa kuchapwa jina la mwagizaji, na kabla ya hapo ndo ulioingia mzigo mkubwa ajabu. Kwahiyo kutokua na muhuri maana yake ni moja kati ya mbili: iliingia kabla ya mwisho wa 1968, au iliingia na askari. Basi. Kutenganisha hizo mbili ndo kazi yenyewe.

Anza kwa kujiuliza swali la kijinga, je askari wa Marekani walipigana na jeshi lililokua linatumia hii bastola? Nambu ya mjapani, sawa, tena hizi karibu zote zilizopo Marekani zililetwa na askari maana hakukua na biashara ya maana ya kuziagiza. Luger na P38, sawa inawezekana. Lakini Astra 400 ya Hispania? Webley ya muingereza? Hispania haikuingia vita kuu ya pili na muingereza alikua upande mmoja na mmarekani, sa babu alimnyang'anya nani? Hizo zilikuja kwa meli kama mzigo. Wajerumani walinunua Astra kiasi wakati wa vita, hilo lipo, ila nyingi utakazokutana nazo zilipakiwa zikiwa zimeshastaafu jeshini.

Na huwezi kuielewa mizigo ya miaka ya 50 bila kumjua Samuel Cummings. Huyu jamaa alizaliwa 1927, mwanzoni mwa miaka ya 50 alifanya kazi CIA kama mtaalam wa silaha, af 1953 akaanzisha kampuni yake ya Interarmco, baadae ikaitwa Interarms, maghala yake yakiwa Alexandria, Virginia, pembezoni mwa mto Potomac. Mbinu yake ilikua rahisi. Baada ya vita kila jeshi duniani lilikua linabadilisha silaha, maghala yamejaa vitu ambavyo hawavitaki tena na kuvilinda ni gharama, yeye anakuja ananunua ghala zima kwa bei ya chini anapakia kwenye meli. Halafu anatangaza kwenye magazeti ya wapenda silaha, unakata kuponi, unatuma hela, silaha inakuja mpaka mlangoni. Bastola zilikua haziruhusiwi kupita posta toka 1927 kwahiyo zilikua zinakuja na kampuni za kusafirisha mizigo kama Railway Express.

Viwanda vya silaha vya Marekani vilichukia, maana nani anunue bunduki mpya kwa bei ya dukani wakati kuna ya jeshi kwa dola chache. Mwaka 1958 seneta mmoja wa Massachusetts, jimbo lenye viwanda vya silaha, akapeleka muswada wa kuzuia silaha za kijeshi za nje zisiingie. Huyo seneta alikua John F. Kennedy. Muswada ukapunguzwa makali, ikabaki kuzuia kurudishwa kwa zile ambazo Marekani yenyewe ilizigawa nje kama msaada. Miaka mitano baadae Lee Harvey Oswald alimuua kwa Carcano, bunduki ya jeshi la Italia iliyoagizwa kwa kuponi.

Bastola aliyokua nayo Oswald siku hiyo hiyo, aliyomuulia askari polisi Tippit, ndo mfano mzuri kabisa wa somo letu. Ni Smith & Wesson Victory, imetengenezwa Marekani, ikapelekwa Uingereza wakati wa vita, vita vikaisha ikaja kurudi Marekani kama mabaki, fundi akafupisha mtutu na akachonga matundu ya silinda yapokee risasi ya .38 Special, ikauzwa kwa kuponi dola 29.95. Hizi Victory za muingereza zipo mpaka leo na ni rahisi kuzitambua, kitako kina ringi ya kufungia kamba, seriali namba inaanza na V, nyingine juu ya fremu pameandikwa UNITED STATES PROPERTY, na kama zimepita kwenye mikono ya muingereza kabla ya kuuzwa mtaani utakuta kwenye mtutu .38, .767 na 3½ TONS, yani kaliba, urefu wa ganda la risasi na presha.

Hiyo ya tani ikae kichwani. Sheria ya muingereza inataka silaha ikitoka jeshini kwenda kuuzwa kwa raia ipimwe upya kwenye nyumba ya ukaguzi ya London au Birmingham, ipigwe risasi ya majaribio yenye nguvu zaidi ndo ichapwe muhuri. Jeshi halihitaji hiyo mihuri, raia ndo anaihitaji. Kwahiyo ukiona taji na herufi BNP kwenye mtutu na kwenye kila tundu la silinda, ujue imepitia biashara ya Uingereza, na BNP ilianza kutumika katikati ya miaka ya 50. NOT ENGLISH MAKE nayo ilitumika toka 1925 mpaka 1955 kwa silaha ambazo sio za kiwanda cha Uingereza. Nimewahi kuonyeshwa Luger ya "babu alikua Normandy" ina BNP nzuri kabisa imekaa kwenye mtutu, sa babu alienda Normandy 1944 akasubiri Birmingham miaka kumi ndo arudi nyumbani? Mwenye Luger alikasirika kidogo, ila ndo hivyo.

Webley Mark VI, ile ya 1915, ina alama nyingine ya ziada inayoonekana kwa macho. Risasi yake ya .455 ilikua shida kupatikana Marekani, sasa wauzaji wa miaka ya 50 na 60 wakaikata silinda kwa nyuma ili ipokee .45 ACP ya kwao kwa kutumia vile vibanio vya nusu mwezi. Geuza silinda uangalie nyuma, kama uso wake ni chuma kitupu kinachong'aa chenye mistari ya mashine wakati kwingine kote kuna rangi ya zamani, basi hiyo imekatwa na ina uraia wa Marekani toka enzi za kuponi. Na tafadhali usije ukaipiga na .45 ACP za kawaida za kiwandani, presha yake inazidi ile Webley iliyopimwa nayo, watu wamepasua silinda hivyo.

Turudi kwa Luger maana ndo kila mtu anaitaka. Kuna Luger zilizoingia Marekani kihalali kabisa dukani kabla hata ya vita yoyote ya dunia. 1901 jeshi la Marekani lilinunua Luger 1,000 kwa ajili ya majaribio, juu ya chemba zina tai wa Marekani. Lakini tahadhari, tai huyo huyo aliwekwa pia kwenye zile za kibiashara zilizolengwa soko la Marekani, kwahiyo tai peke yake haimaanishi ni ya majaribio ya jeshi. Kitu cha kutafuta kwa za biashara ni neno GERMANY limechapwa kwa kiingereza. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa ya nje iandikwe jina la nchi ilikotoka kwa kiingereza, na jeshi la Ujerumani halina sababu yoyote ya kujiandikia GERMANY kwenye bastola yake. Miaka ya 20 na 30 muuzaji mkubwa alikua A.F. Stoeger wa New York, zile zenye jina lake ubavuni zinauzwa bei ya juu kuliko nyara nyingi, ajabu sio? Yani kuna watu wana Luger ya dukani yenye thamani na bado wanataka iwe ya ofisa aliyekufa.

Kwa zile za jeshi sasa. Za vita kuu ya kwanza zina mwaka juu ya chemba, na mtengenezaji ni DWM au Erfurt. Ukiona miaka miwili imepandana, mfano 1920 juu ya 1917, hiyo 1920 ilichapwa na jeshi dogo lililobaki baada ya mkataba wa Versailles kuonyesha hii ni mali ya serikali, kwahiyo haiwezekani ikawa ililetwa na askari aliyerudi 1919. Hiyo pekee imeua stori nyingi sana. Angalia na mbele ya mpini, pale vidole vinaposhika, kama kuna maandishi kama 84.R.3.28. maana yake ni rejimenti ya 84, kombania ya 3, silaha namba 28. Ukishajua rejimenti unaweza kufuatilia ilikua inapigana wapi na nani alikua mbele yake, na hapo stori ya familia inaanza kupata miguu au inakatika.

Za vita kuu ya pili wajerumani waliacha kuandika jina la kiwanda wakaweka herufi na namba za siri. Mauser aliandika S/42, akaja 42, akaja byf, na Luger ya Mauser kwa jeshi iliishia 1942. P38 yenye ac ni Walther, byf ni Mauser, cyq ni Spreewerk. Ukiona P38 yenye svw ujue inaweza kuwa imeunganishwa na wafaransa waliokikamata kiwanda cha Mauser pale Oberndorf 1945, hiyo pia babu hana chake.

Halafu kuna zile zilizotekwa na warusi. Jeshi la Soviet lilikusanya Luger na P38 kwa maelfu, wakazifungua zote wakaziosha, wakazipaka bluu mpya nene nyeusi, wakaziunganisha tena bila kujali kipande kipi ni cha ipi, wakaandika namba upya kwa kalamu ya umeme ili zifanane, na nyingi wakachapa X. Zimekaa ghalani miaka mpaka ukomunisti ukaanguka ndo zikauzwa magharibi. Kwa hiyo P38 yenye namba za kiwanda zimekatwa na mstari na namba za mkono zimeandikwa kama mtu aliyekua na haraka, bluu imepita mpaka juu ya mikwaruzo na kutu ya zamani, hiyo imepitia Moscow haijapitia New Jersey. Yangu ndo ilikua hivyo, na mi niliangalia picha ya babu badala ya kuangalia namba.

Nchi nyingine nazo zina alama zao. SA ndani ya kiboksi ni jeshi la Finland. Herufi P kwenye bastola ya Uswisi maana yake askari alimaliza utumishi akaruhusiwa kubaki nayo kama mali binafsi. Rivolva ya Smith & Wesson M1917 yenye nembo ya Brazil ubavuni ni kati ya zile 25,000 zilizouzwa Brazil mwishoni mwa miaka ya 30, zikafanya kazi huko nusu karne ndo zikarudi Marekani. Mjapani yeye kwenye Nambu Type 14 anaandika mwaka wa mfalme, upande wa kulia nyuma utakuta namba kama 18.6, jumlisha 1925 kwenye ile ya kwanza unapata 1943, ya pili ni mwezi, kwahiyo Juni 1943. Kama mzee anasema aliipata Guadalcanal na mapigano ya kule yaliisha Februari 1943, unamwachia tu soda yake mnaongea mengine.

Mlango wa mwisho ni ule uliofunguliwa 1984. Sheria ya 1968 ilikua imefunga kabisa silaha za mabaki ya majeshi, 1984 ikapita sheria ya biashara na ushuru ikaruhusu zile zinazotambulika kama vitu vya kale vya ukusanyaji, kwa kawaida umri wa miaka 50 na kuendelea. Lakini bastola ziliwekewa sharti la ziada, lazima zifae kwa michezo, na kuna fomu namba 4590 ambayo wanaipa bastola maksi kwa urefu, uzito, sefti (kile cha kuizuia isifyatuke), saiti na kadhalika, ya semi-otomatiki isipofika maksi 75 haiingii. Na bila sefti ya mkono bastola ya semi-otomatiki haifikiriwi kabisa. Sa Tokarev ya mrusi ilitengenezwa bila sefti. Waagizaji wakafanyaje? Wakachimba chuma wakaweka sefti yao wenyewe. Ndo maana Tokarev za Romania utakuta kakipande kanazunguka nyuma ya triga, kameongezwa tu kama kiraka, na wakusanyaji wanakachukia kuliko muhuri wenyewe. Ila ni ushahidi mzuri kuliko yote: Tokarev yenye sefti ya kubandikwa iliingia kwa maksi, Tokarev isiyo na sefti na isiyo na muhuri ilikuja na askari, mara nyingi Korea au Vietnam.

Wimbi hilo la baada ya 1984 ndo lilileta bastola za kijerumani za Mauser C96 kutoka China. China walizinunua sana miaka ya 20, zikatumika mpaka mtutu ukabaki bomba tupu, nyingine zina maandishi ya kichina ubavuni, zikaingia Marekani miaka ya 80 zikiwa zimechoka hasa. Mei 1994 serikali ya Clinton ikafunga silaha kutoka China, na 1996 ikasainiwa makubaliano na Urusi ya kubana orodha ya zinazoruhusiwa. C96 ina mambo mawili ya sheria usiyaruke. Ukiiweka kitako cha begani inaweza kuhesabika bunduki fupi chini ya sheria ya 1934 inayotaka zisajiliwe, zile zenye kitako cha asili zimeondolewa kwenye hilo. Na ukikutana na ile aina ya Schnellfeuer inayopiga mfululizo, usiulize bei, uliza karatasi za usajili, na kama hakuna ondoka mezani.

Tukija kwenye karatasi. Askari wa vita kuu ya pili Ulaya alitakiwa kuwa na cheti kutoka kwa mkuu wake, kile maarufu ni fomu namba 33 ya USFET, yani makao makuu ya majeshi ya Marekani Ulaya, kinataja waraka namba 155 wa wizara ya vita wa tarehe 28 Mei 1945, jina la askari, na vitu alivyoruhusiwa kubaki navyo, kimesainiwa na ofisa. Vietnam walikua na DD Form 603. Bastola yenye cheti chake inaweza kupanda bei sana, na kitu kinachopandisha bei kinaigizwa, kwahiyo shika karatasi yenyewe. Cheti kilichobebwa mfukoni na kwenye begi la askari kimekunjwa mara nne, mikunjo imechafuka, wino umezama kwenye nyuzi za karatasi. Ukiona mikunjo myeupe safi na karatasi imechovywa chai rangi sawa kila kona, jiulize. Muhimu zaidi ni seriali namba. Cheti kilichoandikwa "bastola moja ya kijerumani" bila namba kinaweza kuwa cha kweli kabisa na kisiwe cha hiyo bastola, maana mtu alikipata huku bastola akaipata kule akavioanisha. Chenye namba inayolingana na iliyopo kwenye fremu, hapo sasa unaweza kuvuta kiti.

Na kama familia bado ipo, usiondoke na bastola bila stori iliyoandikwa. Jina kamili la askari, namba yake ya jeshi, kikosi, alipata wapi na lini, mtoto au mjukuu asaini na aandike seriali namba kwa mkono wake. Halafu ndo unaenda kuihakiki kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi pale St. Louis, Missouri. Hapa pia kuna kikwazo, tarehe 12 Julai 1973 jengo liliungua, asilimia kama 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 yakateketea, yani ndo hao hao tunaowatafuta. Ukiambiwa faili liliungua usikate tamaa, omba ripoti za kila asubuhi za kombania yake, zile wanazoandika nani kafika, nani kaumia, kikosi kipo kijiji gani. Nilifanya hivyo kwa Luger moja ya mama mmoja mjane, byf ya 1941, haina muhuri, namba zote za kiwanda zinalingana mpaka vipande vidogo, na ndani ya kifuniko cha mkoba kuna jina la kijiji limeandikwa kwa penseli halisomeki vizuri. Ripoti ikaja, kombania ya mume wake ililala kwenye hicho kijiji siku mbili mwezi Aprili 1945. Nikampigia simu kumwambia, akanyamaza kidogo, akasema kumbe ndo linavyosomeka.